Kuboresha shokapu, springi na bushi za gari dogo la zamani ukiwa nyumbani

Ukitaka gari dogo la zamani litulie barabarani, anza na mpira kabla ya chuma. Wengi hununua springi fupi kwanza kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana kwa macho, halafu wanazifunga kwenye gari ambalo bushi (pete za mpira kwenye viungo) zimechanika na maunti (vishikio vya juu vya shokapu) zimelegea. Gari linakuwa gumu, na kuyumba kunabaki palepale. Bushi na boljointi, yaani viungo vya tufe vinavyozunguka, ndizo zinazolishika gurudumu mahali pake. Shokapu inatuliza mtikisiko. Springi inabeba uzito na kuamua kimo cha gari. Mara nyingi bushi mpya pamoja na shokapu nzuri vinatosha, na hamu ya springi inaisha yenyewe baada ya safari ya kwanza.

Maelezo haya yanafuata mpangilio wa magari mengi madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele. Mbele kuna mfumo wa MacPherson, yaani shokapu iliyozungukwa na springi, iliyofungwa chini kwenye nako na juu kwenye bodi ndani ya boneti. Nako ni kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu, na breki. Nyuma kuna ekseli moja ya chuma inayojisokota, springi zikiwa zimekaa peke yake au zimeizunguka shokapu. Gari lako likiwa na mfumo mwingine, kanuni ni zilezile, ila bolti zitakuwa mahali pengine. Kitabu cha ufundi cha modeli yako kiwe karibu, maana namba za mkazo wa bolti haziazimwi kutoka gari jingine.

Kagua kabla ya kununua chochote

Gari likiwa limesimama mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi, pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote 4 na uandike. Namba hizi utazihitaji mara mbili: sasa, kujua kama springi moja imelala kuliko mwenzake, na baadaye, wakati wa kukaza bushi.

Inua mbele na ukalishe gari kwenye stendi pande zote mbili. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza kwa juu na chini, tatizo ni beringi ya habu au boljointi. Likicheza kushoto na kulia tu, angalia kwanza tairodi, ile nondo ya usukani inayogeuza gurudumu. Ili kutenganisha beringi na boljointi, mtu mmoja atikise na mwingine aangalie nyuma ya gurudumu: kama nako inasogea pamoja na gurudumu wakati ami ya chini (mkono wa chuma unaounganisha nako na bodi) imetulia, ni boljointi.

Bushi za ami zipime kwa mtaimbo. Weka ncha kati ya ami na bodi, sukuma taratibu. Mpira mzima unasogea kidogo na kurudi. Uliochanika unafungua mdomo, na mara nyingi utaona ufa unaoizunguka bomba ya chuma ya katikati. Ile bushi ya nyuma ya ami ndiyo huchoka zaidi, kwa kuwa inapokea sehemu kubwa ya nguvu ya breki. Gari linalovuta upande mmoja unapokanyaga breki, au linalotoa mlio mzito mmoja unapoachia pedali, lianze kushukiwa hapo.

Shokapu yenye unyevu mwembamba wa mafuta karibu na sili bado inaweza kufanya kazi. Iliyolowa hadi chini imekufa. Kile kipimo cha kubonyeza gari kwenye kona na kuhesabu linadunda mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyopoteza nusu ya nguvu inakipita bila shida. Soma tairi badala yake: pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, ukikuta mabonde na vilima vinavyorudiana kuzunguka tairi, shokapu imeshindwa kulishikilia gurudumu chini.

Mwisho angalia kutu. Mahali ambapo shokapu ya mbele inafungwa kwenye bodi, na vikalio vya springi za nyuma, vigonge kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikizama, kazi inayofuata ni ya kuchomelea. Usifunge springi ngumu zaidi kwenye bodi iliyooza.

Kuchagua vipuri

Shokapu hununuliwa jozi: mbili za mbele au mbili za nyuma, kamwe siyo moja. Pamoja nazo nunua maunti mpya za juu, beringi zake, stopa za mpira na kava za vumbi. Sehemu hizi zote zinafunguliwa kwa kazi ileile, na ukirudisha maunti iliyochoka juu ya shokapu mpya utalazimika kuirudia kazi nzima kwa sababu ya kipande kidogo. Nunua pia loknati mpya. Zile zenye plastiki ndani na zile zilizobanwa umbo zimekusudiwa kutumika mara moja.

Shokapu za gesi hushika gurudumu vizuri kwenye barabara mbaya kwa sababu shinikizo la gesi linayazuia mafuta yasitoe povu yanapopata joto. Pia husukuma gari juu kidogo, milimita chache tu. Kwa gari la matumizi ya kila siku, shokapu ya gesi ya kiwango cha kiwanda, au ngumu zaidi kwa hatua moja, ndiyo chaguo letu. Zile za kurekebisha ugumu zina faida kwa mtu atakayechukua muda wa kuzirekebisha. Wengine huziweka kwenye ugumu wa juu kabisa siku ya kwanza, na gari linaanza kurukaruka juu ya matuta badala ya kuyafuata.

Kwenye springi, hesabu moja inasaidia sana. Ugumu wa springi unakwenda na unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara 4. Waya wa milimita 12 ukibadilishwa kuwa milimita 12.5, upana wa springi na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 18. Kwa hiyo tofauti ambayo jicho haliioni mezani inahisika wazi barabarani. Springi iliyo ngumu kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko ya kiwanda, bila kushusha gari au ikilishusha kwa milimita 15 hadi 25, ndiyo inayofaa gari dogo linalobeba watu na mizigo.

Kukata springi ni kosa, na sababu zake ni za kiufundi. Ukiondoa mzunguko, springi inabaki na mizunguko michache inayofanya kazi, hivyo inakuwa ngumu bila wewe kuchagua ni kwa kiasi gani. Ncha iliyokatwa haina umbo la kukaa kwenye kikalio. Gari likiinuliwa, au gurudumu likishuka ndani ya shimo refu, springi fupi inabaki huru na inaweza kuhama. Na ukikata kwa moto, chuma cha karibu kinapoteza ugumu wake na kuvunjika baadaye.

Kushusha gari kuna gharama ambayo wauzaji hawaielezi. Lala chini uitazame ami ya mbele gari likiwa limesimama: kwa kawaida inaelekea chini kidogo kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu. Ukishusha gari sana, ami inalala tambarare au inapinda kuelekea juu. Hapo kile kitovu ambacho bodi inazunguka kikiegemea kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, na gari linataka kuegemea zaidi, siyo kidogo. Unalazimika kuongeza ugumu wa springi ili tu kurudi ulipokuwa. Wakati huohuo tairodi inabadilisha pembe, na kila gurudumu linapopanda tuta linajigeuza kidogo bila wewe kugusa usukani. Ndiyo maana tunashauri usivuke milimita 30 kwenye mfumo wa MacPherson, na ukifika huko uwe na shokapu zilizotengenezwa fupi. Shokapu ya urefu wa kiwanda kwenye gari lililoshushwa sana inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, inagonga stopa kila mara, na haidumu.

Wengi wanasahau stabilaiza, ile nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Nayo inafuata hesabu ileile ya mara 4: nondo ya milimita 18 ikibadilishwa kwa ya milimita 20 inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 52. Gari la kuvuta mbele ambalo linakataa kukata kona na kuteleza pua nje hufaidika na stabilaiza nene zaidi nyuma. Usizidishe. Ikiwa ngumu kupita kiasi, tairi la nyuma la ndani linanyanyuka na mkia unateleza barabara ikiwa na maji. Kabla ya kununua nondo, badilisha bushi zake na linki zake (vijiti vya kuiunganisha kwenye ncha), kwa kuwa bushi iliyolegea inaifanya nondo isubiri kabla ya kuanza kazi.

Vifaa

Unahitaji jeki imara, stendi 2 au zaidi, kabari za magurudumu, seti ya soketi na spana, spana ya kupimia mkazo, jozi ya vibanio vya springi, spana za pembe sita, brashi ya waya, mafuta ya kupenyeza kutu, nyundo nzito, mtaimbo, waya laini wa kufungia, rangi au chaki ya kuwekea alama. Vibanio vya springi ukivipata kwa kuazima, vikague: nyuzi zikiwa zimelika au kulabu zimepinda, virudishe. Springi moja ya mbele kwenye gari dogo hubeba kitu kama kilo 250 hadi 300 gari likiwa limesimama tu. Ikichomoka mkononi inaua.

Jioni moja kabla, sugua nyuzi zote za bolti zinazoonekana kwa brashi ya waya kisha zinyunyizie mafuta ya kupenyeza. Rudia asubuhi. Hatua hii ndogo ndiyo inayoamua kama kazi itaisha siku hiyo au utabaki na bolti iliyokatika.

Kufungua mbele

Weka gia, vuta hanbreki, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi chini ya sehemu zilizoimarishwa za bodi, pande zote mbili. Kuinua upande mmoja tu kunaiacha stabilaiza ikiwa imejisokota na linki itakusumbua kutoka. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya bodi kama kinga ya pili. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Toa paipu ya mpira ya breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwa breki) kwenye vishikio vyake vya shokapu. Fungua linki ya stabilaiza. Pini yake ikizunguka pamoja na nati, ishike kwa spana ya pembe sita kwenye ncha, au kwa spana nyembamba nyuma ya buti, ile kava yake ya mpira.

Sasa kwenye bolti 2 zinazofunga shokapu kwenye nako. Kabla ya kuzigusa, chora mstari kuzunguka kichwa cha kila bolti na ukingo wa shokapu. Kwenye magari kadhaa bolti moja ina umbo la yai linaloamua kemba, yaani kuegemea kwa gurudumu ndani au nje, na alama hizo zitakurudisha karibu na ulipokuwa. Zungusha nati, siyo kichwa cha bolti, maana baadhi zina meno yaliyobanwa ndani ya chuma. Nati ikikaribia kutoka, iache nyuzi chache ili upige juu yake bila kuharibu ncha ya bolti. Kama gari lako lina nako inayoibana shokapu kama kola, fungua bolti yake, ingiza tindo bapa kwenye ufa kuupanua kidogo tu, na ugonge nako kushuka.

Kabla bolti ya mwisho haijatoka, weka jeki chini ya ami ili kuizuia. Nako ikiachiliwa huanguka kuelekea nje, ikavuta paipu ya breki na kuifungua jointi ya ndani ya ekseli ya mbele inayozungusha gurudumu. Jointi hiyo ikitoka kwenye kikombe chake umejiongezea saa kadhaa za kazi ya grisi. Funga nako kwa waya kwenye bodi iwe imesimama wima.

Nati za juu chini ya boneti ndizo za mwisho. Mara nyingi ni 3. Ile nati kubwa ya katikati usiiguse sasa: hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke. Shika shokapu kwa mkono mmoja, fungua za pembeni, iteremshe.

Kubana springi

Paka grisi nyuzi za vibanio. Viweke pande mbili zinazotazamana, kulabu zikishika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Kaza kimoja mizunguko 2, hamia kingine, mizunguko 2, hivyohivyo, kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo hapa inapasha nyuzi joto na kuzila. Ncha ya juu ya shokapu isielekee usoni kwako wala kwa mtu mwingine. Springi ikianza kupinda upande mmoja, simama, legeza na upange upya.

Umebana vya kutosha pale unapoweza kuizungusha springi kwa mkono juu ya kikalio chake. Hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa, ukiishika shafti kwa spana ya pembe sita kwenye ncha yake. Kamwe usiishike shafti inayong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mdogo hapo unaichana sili kila shokapu inapopanda na kushuka, na mafuta yanatoka ndani ya wiki chache.

Vipande vinapotoka, vipange mezani kwa mfuatano uleule na upige picha. Makosa mengi ya kufunga yanatokea hapa: washa iliyogeuzwa, beringi iliyokaa juu chini, kikalio cha springi kilichosahauliwa.

Kufunga mpya

Shokapu mpya isimamishe wima, ibonyeze hadi mwisho na kuiachia ipande yote, mara 4 au 5. Zikiwa zimelala dukani hewa huhamia mahali pa mafuta, na bila kuitoa utasikia mlegezo mwanzoni mwa kila msukumo. Zikiwa tayari zitakuwa na uzito uleule safari nzima. Baada ya hapo usizilaze tena.

Magari ya zamani zaidi yana bomba la shokapu linalofunguka juu, na kipuri kipya ni moyo wa ndani tu. Mwaga mafuta yote ya zamani, osha bomba, ingiza moyo mpya na mimina mafuta kidogo kuuzunguka kama maelekezo yake yanavyosema. Mafuta hayo kazi yake ni kuhamisha joto kwenda kwenye bomba la nje. Usijaze hadi juu, kwa sababu mafuta yakipata joto yanatanuka.

Weka stopa na kava kwenye shafti. Ingiza springi ikiwa imebanwa, na uizungushe hadi ncha yake ya chini ikae karibu kabisa na ngazi iliyopo kwenye kikalio. Nafasi ya milimita chache inakubalika, ila ncha isipande juu ya ngazi. Weka kikalio cha juu, beringi, maunti, kisha nati mpya ya katikati. Maunti nyingine zina mshale au alama inayotakiwa kutazama nje ya gari. Kaza nati kwa mkazo wa kitabu, kisha legeza vibanio kwa zamu, ukiangalia ncha zote mbili za springi zisihame wakati inajaza nafasi yake.

Rudisha shokapu: juu kwanza, nati zikiwa za mkono, kisha chini kwenye nako ukifuata alama zako. Sukuma juu ya nako kuelekea ndani au nje hadi mistari ikutane, ndipo ukaze. Nati za juu za milimita 8 ni ndogo, nyingi hukazwa kati ya 20 na 30 Nm (kipimo cha mkazo) tu, na mtu mwenye racheti ndefu huzikata kwa urahisi. Bolti za nako zinatofautiana sana kati ya gari na gari. Hapo hakuna namba ya kukisia.

Nyuma

Nyuma ni rahisi zaidi. Bodi ikiwa kwenye stendi, weka jeki chini ya ekseli. Toa bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha shusha ekseli polepole huku ukitazama paipu za breki na kebo ya hanbreki. Springi nyingi za nyuma hutoka kwa mkono bila kubanwa. Vikalio vya mpira vikiwa vimepasuka vibadilishe, maana ndivyo vinavyozuia mlio wa chuma kwa chuma. Ncha ya springi ielekee upande uleule iliokuwa.

Jambo moja linasahaulika mno. Magari mengi ya zamani yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa mkono mdogo au springi nyembamba. Vali hiyo inasoma kimo cha gari: nyuma ikishuka, inaamini kuna mzigo na inaongeza nguvu ya breki nyuma. Ukishusha gari bila kuirekebisha, magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya mbele, na gari linaweza kugeuka. Irekebishe kwa utaratibu wa kitabu kabla ya kuingia barabarani.

Bushi na boljointi

Boljointi iliyokaa kwenye tundu la mshazari haihitaji uma wa kupasua, ambao huchana buti. Legeza nati hadi ibaki nyuzi chache, kisha upige nyundo ubavuni mwa jicho la chuma, siyo kwenye boljointi yenyewe. Piga kwa nguvu mara chache huku mtaimbo ukivuta ami chini. Jicho linajipanua kidogo na pini inaachia kwa mlio mmoja mkali.

Bushi za ami bila mashine ya presi hutolewa kwa nondo ya nyuzi ya milimita 12 au 14 ya chuma kigumu, nati 2, washa nene, soketi inayolingana na bushi upande mmoja na bomba pana upande wa pili. Kaza nati na bushi itavutwa ndani ya bomba. Kabla ya kuitoa, weka alama kwenye ami: bushi nyingi zina nafasi tupu ndani ya mpira, na nafasi hizo zina upande wake. Ukiifunga bushi ikiwa imezunguka robo, ami inakuwa laini pale ilipotakiwa kuwa ngumu. Bushi ikikataa, toboa mpira uondoke, kisha kata bomba yake ya nje kwa jino la msumeno, taratibu, bila kuingia kwenye chuma cha ami.

Safisha tundu hadi ling'ae, paka maji ya sabuni, vuta mpya. Grisi ya kawaida inakula mpira.

Halafu kuna hatua inayotofautisha kazi inayodumu na ile inayorudi baada ya miezi michache. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba yake ya ndani, haizunguki, inajisokota. Ukikaza bolti yake gurudumu likiwa linaning'inia, umeifungia katika mkao huo. Gari likishuka, mpira unakaa umesokotwa muda wote na unachanika. Kwa hiyo ziache bolti za bushi zikiwa za mkono, inua nako kwa jeki hadi kimo ulichoandika mwanzo kifikiwe, au kile kipya ikiwa umebadilisha springi, ndipo ukaze. Vivyo hivyo kwa bushi za ekseli ya nyuma.

Bushi za poliuretani zinazunguka zenyewe kwenye bomba, hivyo sharti hilo haliziumizi, lakini zinataka grisi ya silikoni kila sehemu inayogusana, la sivyo zitalia. Zinapeleka mtetemo zaidi ndani ya gari. Kwenye stabilaiza zinafaa sana. Kwenye bushi ya nyuma ya ami inayotakiwa kupinda kila upande, tunapendelea mpira mzuri wa kiwanda.

Kupanga magurudumu

Rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati kwa mkazo sahihi. Kwa magari madogo mengi ni kati ya 90 na 110 Nm. Sukuma gari mbele na nyuma mita chache na ulibonyeze kila kona ili springi zikae.

Alaimenti lazima ifanyike upya. Kwa kuanzia unaweza kuipima nyumbani: funga uzi kwenye stendi pande zote mbili za gari, kwenye kimo cha habu, nyuzi zikiwa sambamba na katikati ya gari. Nyosha usukani, pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu mbele ya habu na nyuma ya habu. Tofauti ya milimita 1 kwenye rimu ya inchi 14 ni karibu digrii 0.15. Magari mengi ya kuvuta mbele yanakubali kuanzia sifuri hadi milimita 2 kwa jumla, lakini fuata kitabu. Geuza tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, vinginevyo usukani utakaa upande. Kipimo hiki kinakufikisha kwenye mashine ya alaimenti bila kula tairi. Kwenye mashine, omba namba za kemba na kasta (kuegemea kwa mhimili wa usukani mbele au nyuma) pia. Kemba ikitofautiana sana kati ya kushoto na kulia, kuna chuma kilichopinda au bolti isiyokaa.

Springi mpya hulala kidogo katika kilomita mia chache za mwanzo, kwa hiyo pima tena baada ya hapo. Taa za mbele nazo zirekebishwe kama nyuma au mbele imebadilika kimo.

Milio na dalili baada ya kazi

Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo, mara tu baada ya kufunga, huwa ni nati ya katikati au linki ya stabilaiza. Weka kiganja juu ya maunti mwenzako akitikisa gari, inayogonga utaihisi. Mlio wa “tong” ukigeuza usukani gari likiwa limesimama ni springi inayojisokota na kuachia ghafla, kwa sababu beringi ya juu imekwama au imekaa vibaya. Usiendeshe hivyo, fungua upya. Upande mmoja ukiwa juu kwa milimita 10 au zaidi, angalia ncha ya springi kwenye ngazi, kisha bushi iliyokazwa ikining'inia.

Gari likihisi gumu kupita kiasi, usilaumu shokapu kabla ya kupima. Funga utepe wa plastiki wa kubania nyaya kwenye shafti ya shokapu, ugusane na mwili wake, uendeshe njia yako ya kawaida kisha uangalie umesukumwa hadi wapi. Ukifika kwenye stopa, gari halina nafasi ya kutosha: springi ni laini mno au gari limeshuka mno. Ukibaki chini, nafasi ipo, basi punguza ugumu wa shokapu au ukague upepo wa tairi.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kwa spana ya mkazo nati zote za magurudumu, bolti za nako, linki za stabilaiza na nati za juu. Iliyosogea hata robo mzunguko, ifungue utazame nyuzi zake kabla ya kuikaza tena.